Wasioshuka Ijumaa

Mzee Aminieli alikuwa mtu wa kushuku tangu utoto, wala hakuona haya. Chumvi ya dukani aliionja kwanza kabla ya kuifunga. Akisalimiwa na mtu asiyekuwa na kawaida ya kumsalimia, njia nzima anajiuliza, huyu leo anatafuta nini? Mkewe, Susana, alipenda kusema kwamba malaika wa kumchukua mumewe itabidi aje na barua ya mchungaji, la sivyo atarudishwa mlangoni. Watu walicheka, lakini walimheshimu. Aliwahi kuwakataza wasimuuzie kahawa mnunuzi mmoja aliyekuja na mizani yake mwenyewe, na kumbe kweli, mizani ile ilikuwa imechezewa. Tangu siku hiyo, Aminieli akikunja uso, ukoo mzima unakunja uso.

Ukoo wenyewe ulikuwa nyumba kumi na nne, mlimani, juu ya Kimandolu. Waliitwa watu wa juu ya mfereji. Mfereji ule ulichimbwa na babu zao kwa majembe ya mti, ukawa unanywesha migomba na kahawa yao kabla ya kuteremkia shamba la mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Kofia, maana hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Sasa mwaka ule, mwaka wa nne tangu vita ya Hitla iishe, Bwana Kofia alianza kupanda juu na farasi wake. Anasimama mferejini. Anatazama maji, anaandika kwenye kijitabu, anageuza farasi. Salamu hatoi. Mtu akitazama maji yako namna hiyo, wewe ungefikiri amekuja kupunga upepo?

Halafu likaja tangazo. Lilibandikwa mlangoni pa boma, mjini, na Aminieli alikwenda kulisoma mwenyewe kwa kuwa alifika darasa la nne misheni. Alilisoma mara tatu akitafuta mtego umefichwa wapi. Lilisema wakaao juu ya mfereji washuke bomani Ijumaa ya tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, kwa shauri la ardhi yao. Basi. Shauri gani, na nani kalileta, kimya. Ardhi ile ndiko alikozikwa baba yake na mdogo wake, na ndiyo iliyomsomesha kila mtoto aliyesoma katika ukoo ule.

Kabla ya kurudi mlimani alipita dukani kwa Mama Maleksultan kununua utambi wa taa. Mama huyu alikuwa Mwismailia, mzaliwa wa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wengi wetu wa huku bara. Alikuwa akikata kitambaa, na mumewe, Nazir, alikuwa nyuma akipanga magunia ya maharage.

"Mbona sura imekuwa ndefu leo, mzee?" aliuliza.

"Wanatuita tushuke, mama. Wote wa juu ya mfereji."

Mkasi ukasimama. "Mshuke? Wametumia neno hilohilo?"

"Hilohilo."

"Basi ngoja nikuambie jambo, na usiende kusema Malek ana porojo. Miaka kama mia saba iliyopita, watu wa dhehebu letu walikaa milimani huko Uajemi. Si mlima wa migomba kama wenu. Mawe matupu, na juu ya mawe ngome. Akaja Hulagu, mjukuu wa Jengis Khan. Jengis Khan unamjua?"

"Namsikia kwako."

"Mmongoli. Alianza na farasi na mahema, watoto na wajukuu wake wakaja kuishika nusu ya dunia. Mji ukiwafungia mlango, wanauteketeza. Ukiwafungulia, mara wanauacha, mara hawauachi. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa, mzee. Hujui ufunge au ufungue. Sasa huyo Hulagu alikuja na jeshi lisilo na mwisho, na mafundi wa Kichina wenye mitambo ya kurusha mishale mikubwa kama boriti. Lakini alianza na wajumbe. Mwambieni bwana wenu ashuke, abomoe ngome zake, atapata amani. Akangoja. Akatuma wengine: ashuke. Akatuma tena."

"Bwana wenu akafanyaje?"

"Alikuwa kijana, ndiyo kwanza amemrithi baba yake. Akaahirisha weee, mwisho mitambo ikaanza kazi, akashuka. Wakampokea vizuri! Wakamwoza hata mke wa Kimongoli. Wakamtaka awaambie watu wake kwenye ngome nyingine nao washuke, na walishuka, kwa sababu ni bwana wao anayesema. Alamut, ngome kubwa kuliko zote, ikashuka, na vitabu vyake vingi vikachomwa. Ngome zilipokwisha na yeye kazi yake ikawa imekwisha. Walimuulia njiani, nchi ya mbali. Na wale walioshuka wakaitwa wakusanyike, makundi makundi, mpaka wanawake na watoto wachanga. Wakachinjwa."

"Wote?"

"Ingekuwa wote, hapa ungenunua utambi kwa nani?" Mama Maleksultan hakucheka. "Ngome moja ilikataa kabisa. Girdkuh. Walikaa huko juu miaka zaidi ya kumi, na Wamongoli wako chini wanawatazama."

"Nao walishuka mwishoni," Nazir alisema kutoka nyuma ya magunia. "Nguo ziliwaishia. Wakauawa."

"Wewe panga maharage. Na unajua nani alimshauri kijana yule ashuke, mzee? Si mgeni. Msomi wa mlemle ndani. Mtu wa nyota na hesabu, amekula chakula cha ngome miaka ishirini na zaidi. Waliposhuka, wenzake wakafa, yeye akapata kazi kwa Hulagu. Mpaka akajengewa jumba la kutazamia nyota."

"Malek, usimtie mzee sumu," Nazir alisema, na safari hii alitoka akasimama mbele ya mkewe. "Wako wanaosema msomi yule hakuwa na njia nyingine, na kwamba aliokoa vitabu na roho za watu. Mpaka leo sisi wenyewe tunabishana. Mzee, hayo ni mambo ya Uajemi. Nenda ukaulize hapo bomani wanakuitieni nini."

Lakini Aminieli alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. Msomi wa mlemle ndani. Alilipa utambi, akapandisha mlima kupitia Sekei, na kila hatua jina moja lilikuwa likimrudia kichwani. Elinaza.

Elinaza alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Baba yake alipofariki, Aminieli ndiye aliyemlea yeye na kumtazama mama yake, Tabea. Kijana alikuwa na akili ya ajabu, akasoma mpaka Kiingereza kikawa kinamtoka kama maji, na sasa alikuwa karani na mkalimani wa boma. Mzungu akisema, Elinaza ndiye anayegeuza. Mzee wa Kimeru akisema, Elinaza ndiye anayegeuza. Ukoo ulimwonea fahari sana. Aminieli naye alimwonea fahari, mpaka jioni ile, alipoanza kujiuliza kijana anayekaa na wazungu siku sita za juma hurudi na nini siku ya saba.

Jumapili, baada ya ibada, Elinaza alipanda mlimani akikokota baiskeli. Alimkuta Aminieli peke yake uani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja au umetumwa?"

Kijana alishtuka kidogo. "Nimekuja."

"Haya, kaa. Baiskeli hii ni mpya?"

"Ni ya ofisi, baba. Baba mkubwa, sina muda. Ijumaa mshuke. Nyumba zote kumi na nne. Bwana Kofia ameomba apewe ardhi ya juu ya mfereji. Ni lazima watu waulizwe kwanza kama wana neno, na Ijumaa ndiyo siku ya kuulizwa. Mkija mkasema hatutaki, nitatafsiri, itaandikwa, na ombi lake litakwama. Msipokuja, itaandikwa kwamba hakuna anayepinga."

"Itaandikwa na nani?"

"Na mimi. Mimi ndiye karani."

"Basi usiandike."

"Siandiki ninachotaka, baba mkubwa. Naandika kilichotokea."

"Tangu lini mtu ambaye hayupo akawa amekubali?"

Na hapa lazima nimtetee mzee, kwa sababu swali lake halikuwa la ujinga. Katika ukoo wao, shauri la mtu halikukatwa akiwa hayupo. Anayekataa jambo hukaa kwake. Wazee watamfuata, watampelekea jani la isale, lile la kuombea amani, na kata ya pombe, watambembeleza, na mpaka atoke kwa miguu yake akae nao, jambo halijawa. Kukaa nyumbani ndiyo hapana yenyewe, tena hapana kubwa kuliko ya mdomo. Aliyefika barazani ndiye ambaye tayari ameanza kulegea.

"Kwa wazungu sivyo," Elinaza alisema. "Kwao asiyefika ameridhika."

"Na hilo wamekwambia wao."

"Nimeliona kwa macho yangu, baba mkubwa!"

"Nani mwingine umemwambia?"

"Wewe tu. Hata mama sijamwambia. Nikionekana nazunguka nyumba kwa nyumba, kazi imekwenda, na Ijumaa atakaa mkalimani asiyewajua. Wewe ukiwaambia, wamesikia."

Kila jibu lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomtia Aminieli baridi. Jibu zuri, sababu nzuri, na siri juu yake. Msomi wa Uajemi naye si lazima alikuwa na sababu nzuri? Nani atashuka kutoka ngomeni kwa sababu mbaya?

"Nimesikia," alisema. Elinaza alidhani ameitikiwa. Alishukuru, akaondoka mbiombio asije akaonekana.

Susana alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia nusu. "Baba Ndesanjo, utawaambia watu?"

"Nitawaambia linalofaa."

"Huyo ni Elinaza. Amekulia mgongoni mwangu."

"Ndiyo maana wamemtuma yeye. Ungekuwa wewe mzungu, ungemtuma nani?"

Susana alirudi jikoni. Mimi mwenyewe sijui ningemjibu nini. Shuku ikishakuwa na akili hivyo, utaingilia wapi?

Jumatano Aminieli aliwakusanya wakubwa wa nyumba zote. Kuhusu Elinaza hakusema neno. Kuhusu ombi la Bwana Kofia hakusema neno. Aliwasimulia habari za ngome, wajumbe waliotumwa mara kwa mara, na watu waliokusanywa makundi makundi, na alisimulia vizuri kuliko Mama Maleksultan, kwa maana yeye aliwatia wao wenyewe ndani ya hadithi, pamoja na migomba yao. Ngome ya Girdkuh aliisifia sana, ila mwisho wake aliuruka. Dismasi, jirani yake mwenye sauti kubwa, alipiga paja. "Hatushuki!" Wote wakaitikia. Walikubaliana kwamba Ijumaa kila mtu atakuwa kwenye kahawa yake, na boma litajua kwamba watu wa juu ya mfereji wamekataa.

Ijumaa asubuhi Aminieli alikwenda kukaa kwenye gogo la kuvukia mfereji, ili kama kuna mjumbe anapanda amwone. Mjumbe hakuja. Aliyekuja alitokea upande wa juu: Tabea, mama yake Elinaza, amevaa gauni la kanisani na viatu kashika mkononi.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Bomani. Tumeitwa."

"Tumesema hatushuki."

"Nimesikia. Lakini mwanangu yuko kule chini. Kama kuna ubaya, nataka niuone yeye akiwapo. Na kama hakuna ubaya, nitarudi niwaambie."

Ilikuwa busara tupu, na Aminieli aliijua. Yaani kwa kitambo kidogo aliona kabisa kwamba kumwacha mama huyu apite si hasara kwa mtu yeyote. Halafu akawaza, mbona amevaa vizuri hivyo? Nani kamwambia avae? Wamepatana nini, mama na mwana?

"Rudi, Tabea."

"Shemeji..."

"Rudi. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii."

Tabea alimtazama, akatazama njia, akarudi. Alikuwa mwanamke wa kutii. Aminieli alibaki kwenye gogo mpaka jua la adhuhuri, na moyo wake ulijaa ushindi.

Barua ilikuja mwishoni mwa Novemba. Ililetwa na askari wawili, ikasomwa mbele ya kanisa. Kwa kuwa siku ya shauri hakufika hata mtu mmoja kupinga, ardhi yote ya juu ya mfereji amepewa mwombaji; wakazi wavune kahawa iliyoko mitini na wawe wamehama kabla ya mvua za masika. Wanawake walianza kulia kabla haijaisha. Dismasi, yule wa hatushuki, alikaa chini kwenye majani kama mtu aliyekatwa miguu.

Aminieli hakulia. Alisimama akiwa mkavu, na maneno ya Elinaza yakawa yanapita kichwani mwake moja moja, yaleyale, kwa mpangilio uleule, bila hata moja kuwa la uongo.

Jumapili iliyofuata watu walijaa uwanja wa kanisa. Hasira ilikuwa inatafuta pa kutua, na haikutafuta sana. Chini ya barua ile kulikuwa na sahihi ya karani, na karani alikuwa mtoto wao. Elinaza alikuwapo. Hakuna aliyemwita, alikuja tu, akasimama na baiskeli yake.

"Uliandika wewe?" Dismasi alimuuliza.

"Niliandika mimi."

"Uliandika kwamba hatupingi!"

"Niliandika kwamba hakufika mtu. Bwana shauri, yule mzungu wa boma, aliuliza, kuna mwenye neno? Ikabidi nitafsiri. Nikatafsiri kwa mabenchi. Akauliza mara ya pili, nikatafsiri tena, kwa Kiswahili na kwa Kimeru, labda kuna mtu yuko nje. Mara ya tatu nilipaza sauti mpaka mzungu akanitazama. Nilikuwa nawaita."

"Sasa si ungekuja kutuambia!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Ulijua, ukakaa kimya!"

Elinaza aligeuza macho, akamtazama baba yake mkubwa. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema.

Na Aminieli, sifa yake apewe, hakungoja mara tatu. Aliingia katikati, akavua kofia. "Aliniambia," alisema. "Alikuja kwangu Jumapili, siku tano kabla. Akaniambia yote: ombi la Bwana Kofia, na kwamba asiyefika amekubali. Akanituma kwenu. Mimi nikanyamaza. Nilimshuku mtoto wangu mwenyewe, na ninyi nikawafungia mlango. Kosa ni langu."

Aminieli alitazamia mawe, na kwa kweli aliyataka.

Dismasi akatikisa kichwa polepole. "Hapana, mzee. Hapo umekosea kutuona watoto."

"Nasema kweli!"

"Mtoto wa ndugu yako, umemlea. Unajitwika lake ili asifukuzwe. Tungekuwa sisi, tungefanya vilevile. Lakini wewe, Aminieli, usikie habari kama hiyo uifiche? Wewe uliyetuokoa na mizani?"

"Naapa mbele ya kanisa hili!"

"Tazama anavyoapa haraka," alisema mwanamke yule, tena bila ubaya, kwa huruma. "Karani amemfundisha la kusema, masikini."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Aminieli alizunguka akiwatazama uso kwa uso, nyumba kwa nyumba, na kila uso ulikuwa umekunjwa kama alivyokuwa akikunja yeye, ukipekua maneno yake kutafuta mtego umefichwa wapi. Susana alisema, "Ni kweli, nilikuwapo," wakamwambia mke mwema husimama na mumewe. Tabea alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Dismasi akatoa neno la ukoo: karani asikanyage tena nyumba yoyote kati ya kumi na nne, kokote zitakakohamia.

Elinaza aliinua baiskeli yake.

"Mwanangu!" Aminieli alimshika mkono, machozi sasa yakimtoka bila haya. "Usiende. Waambie. Wewe ndiye unayejua kusema, waambie!"

"Niwaambie kwa lugha gani, baba mkubwa?"

Aliutoa mkono wake taratibu, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Akamsaidia mama yake kukaa kwenye kiti cha nyuma, akaanza kukokota baiskeli kuelekea Kimandolu. Watu waliwapisha njia, na hakuna aliyewaaga.